Maji ya Kijani Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 10 Juni

Nimenunua tangi! Kioo kitupu, lita sitini. Limekaa barazani kama bibi harusi. Sasa ni vita. Bibi Hatsue, mfugaji mkongwe kuliko wote mtaani, ana ranchu watatu wachanga, samaki wa dhahabu, wa kugawa, na nyumba itakayowapata ni moja tu. Jumapili atapita kukagua maji. Tuliojitokeza ni wawili: mimi, na jirani yangu Kuramochi kinyozi.

Hawa si samaki wa mchezo. Ni vitukuu vya samaki wa marehemu baba. Mabwawa yake yalipofukiwa nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi Hatsue aliwachukua kwa ndoo, nami nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nawataka warudi nyumbani. Basi.

Masharti ya Bibi: tangi lisuguliwe kwa chumvi na maji, sabuni marufuku. Kokoto zioshwe mpaka maji yake yatoke maangavu. Maji ya bomba yakae siku kadhaa, klorini itoke. Mengine sikuyasikia, nilikuwa namwangalia Kuramochi akiandika kwenye daftari. Kuandika! Wanasema akili ni nywele. Kuramochi ana kipara.

Jumanne, 11 Juni

Chumvi inachosha mkono. Nimetia sabuni ya vyombo, tone moja. Haya, matone. Ya limau. Nani atajua?

Nikajaza maji, nikawasha pampu ya hewa kuijaribu. Mama yangu! Povu likapanda, likamwagika, likamfukuza paka mpaka bustanini. Kuramochi akachungulia juu ya ua, akauliza eti siku hizi nimefungua udobi. Nikamwambia ni mbinu ya kitaalamu, asiyesoma hawezi kuielewa.

Mke wangu Fumie akampigia simu Bibi Hatsue kunishtaki. Msaliti ndani ya nyumba! Bibi kasema sabuni hujificha kwenye gundi ya pembeni. Nipitishe siki, nisuuze, nisuuze tena, mpaka pua isisikie kitu. Nimesuuza mara kumi na tisa. Mgongo si wangu tena.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kokoto. Nimepata wazo zuri sana: si zinaoshwa kama mchele tu? Unakoroga, unamwaga maji meupe, unakoroga tena. Basi nikachukua bakuli la Fumie la kuoshea mchele. Lina matundu yake, limekaa kazi hiyo hasa. Kwa dakika arobaini kokoto zikang'aa. Bakuli nikalirudisha mahali pake.

Chakula cha jioni: wali, samaki wa kuchoma, figili za kachumbari. Tonge la tatu, ka! Meno yangu ya bandia yakapata ufa. Fumie akaitoa kokoto kwa vijiti, akaiweka mbele yangu, akauliza kwa upole kama nadhani ameolewa na mtu mzima au mtoto wa chekechea. Nikasema labda mchele wa mwaka huu ni mbaya. Akasema, “Baba Kanae, mchele una rangi ya bluu?”

Ijumaa, 14 Juni

Balaa. Maji! Kuramochi ana ndoo nne zimekaa juani tangu Jumatatu. Mimi sina hata kikombe. Siku zimebaki mbili.

Nimeketi. Nimefikiri. Nimepata! Maji ya bafu! Yamekaa tangu jana, yamefunikwa vizuri. Hatuingii humo kabla ya kujisugua nje, kwa hiyo ni masafi. Fumie hufulia hayohayo. Kama yanafaa shati langu, samaki ni nani?

Nimebeba ndoo saba, bila hata kuwasha taa, Fumie akiwa sokoni.

Jumamosi, 15 Juni

Siamini macho yangu. Maji ni ya kijani! Miaka yote Bibi Hatsue anatuhubiria maji ya kijani, kwamba mfugaji hodari huyalea kwa wiki nzima juani mpaka rangi iive, na samaki humo hunenepa. Mimi nimeyapata kwa siku moja! Tena yananukia msonobari. Nimeimba mpaka paka kaondoka. Nimemwita Kuramochi aje atazame. Ametazama, akakuna kipara. Wivu, hauna dawa.

Jumapili, 16 Juni

Bibi Hatsue kaja saa nne, na fimbo yake, na ranchu watatu ndani ya mfuko wa maji. Wekundu, vichwa vya vinundu, mgongo bila pezi. Mmoja ana doa jeupe shavuni, kama yule wa baba. Moyo ulinipaa.

Akachovya kidole. Akanusa. Akanusa tena. Akaniuliza maji haya yana nyuzi joto ngapi, maana angependa kuvua nguo aingie, mgongo unamsumbua. Fumie akapiga ukelele ndani: ule ni unga wake wa kuogea, wa maumivu ya magoti! Anautia kila siku, mwezi wa pili sasa! Mimi hupenda taa ya bafuni izimwe nikioga, ningejuaje?

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hajacheka hivyo tangu amzike mumewe. Kisha akavuka ua na mfuko wake, akampa Kuramochi.

Niliumia. Naandika ukweli. Ndipo kipara kikatokea juu ya ua. Kuramochi alisema mwenye doa ni wangu, yeye anamlea tu mpaka nijue kuosha kioo. “Pole pole, jirani, haendi popote.” Nikamwambia sihitaji huruma ya vinyozi. Kisha nikampelekea sahani ya tikiti maji, tukakaa watatu na Bibi tukimtazama samaki wa baba akiogelea. Siku njema kupita kiasi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamka na furaha. Naanza upya, na mara hii nafuata masharti yote. Sabuni, hapana. Unga wa kuogea, hapana.

Lakini kusugua kwa chumvi? Mkono huu? Kabatini nina vidonge vya kusafishia meno ya bandia. Vinang'arisha bila kusugua, na kwenye masharti ya Bibi hakuna hata neno moja juu ya meno. Nimelijaza tangi maji, nikatumbukiza kumi na viwili.

Yanachemka! Yamekuwa bluu! Kuramochi anachungulia juu ya ua, kashika kichwa kwa mikono miwili.

Mwache ajifunze.