Ombi la Kushushwa Kutoka Nafasi ya Juu

International City, Dubai
Januari, wiki ya tatu

Kwa Bi Tufaha,
Mwenyekiti, Kamati ya Malengo,
Umoja wa Kufaana.

Shikamoo Bi Tufaha,

Nimeambiwa bado uko Unguja kwenye harusi, kwa hiyo barua hii itakungoja nyumbani kwako Mirdif. Naomba radhi kwamba kitu cha kwanza utakachokikuta mlangoni ukirudi ni malalamiko.

Mimi ni Onesmus, yule mlinzi wa ghala la viungo kule Al Ras ambaye vikaoni hukaa karibu na mlango na kuandika sana. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwandishi wa habari za mahakama mjini Nakuru, hadi gazeti letu lilipofungwa, na tabia haijaniacha. Zamu ikiisha naandika ripoti ya kurasa tatu kuhusu mlango ambao haukufunguliwa na mtu yeyote. Basi uuvumilie urefu wa barua hii. Yaliyomo nimeyahakiki.

Lalamiko langu kwa ufupi ni hili: Umoja ulinipandisha cheo kwa kunihamisha kitanda, na kwa sababu hiyo shemeji yangu Austine, mdogo wa mke wangu, anataka kuacha kazi yake kwenye ushirika wa maziwa Nyahururu mwisho wa mwezi huu, aje Dubai kufanya kazi chini yangu. Chini yangu hakuna kazi. Chini yangu analala Deus.

Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Kuhusu kanuni. Kwenye kikao cha Desemba ulitufundisha kwamba lengo lisilotekelezeka ni ndoto, na ndoto hazihitaji kikao. Ukatuambia kila mtu aandike lengo moja kwa maneno machache, na kila mtu akapangiwa msimamizi wa kuhakikisha linatimia. Ukatukataza kabisa kuandika "inshallah". Ulisema kwenu Unguja neno hilo ni ahadi mbele ya Mungu, lakini sisi wa bara tukishakaa Dubai miezi mitatu tunalitumia kumwambia mtu hapana bila kugombana naye. Ulisema kweli. Asubuhi ileile nilikuwa nimemwambia Mercyline wa saluni "inshallah" kuhusu kumbebea kabati.

Sina ugomvi na kanuni. Ninacholalamikia ni kwamba zilifuatwa.

2. Kuhusu neno. Nilitaka kuwa msimamizi wa zamu. Lilikuwa lengo la kiasi, la mtu wa umri wangu na goti langu. Tatizo ni kwamba cheo hicho anacho Ken, naye Ken siku hiyo alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwangu akila sambusa zako, na isitoshe ndiye aliyenipa lifti. Sikuona namna ya kuandika "nataka kiti cha Ken" huku Ken mwenyewe akiniuliza kama nitaimaliza ile chatne. Nikaandika: "Kupata nafasi ya juu."

Miaka yote niliyokaa chumba cha habari niliwakemea vijana kwa maneno ya namna hiyo. Nilikuwa nikiwaambia kwamba neno likiwa na maana mbili, msomaji atachagua ile isiyokufaa. Vijana hao sasa wanasoma habari redioni na kwenye televisheni. Mimi niko karibu na dari.

Wewe, Bi Tufaha, umekulia Dubai katika nyumba yenye vyumba, na huenda hujui kwamba kwetu sisi wapangaji wa vitanda, "nafasi" ni kitanda. Mtu akisema huku International City kwamba anatafuta nafasi, haulizwi amesoma hadi wapi. Anaulizwa, ya chini au ya juu?

3. Kuhusu msimamizi. Nilipangiwa Ndugu Deus wa Bukoba, ambaye pia ndiye mkuu wa chumba chetu na mgawaji wa vitanda. Deus alilisoma lengo langu akasema mbele ya mashahidi, "Mzee, hili mbona rahisi? Wenzako wanaomba makubwa." Nilidhani anajua jambo kuhusu Ken. Siku mbili baadaye nilirudi kutoka zamu nikakuta godoro langu, shuka zangu na Biblia yangu viko kitanda cha juu, vimetandikwa vizuri kuliko nilivyowahi kuvitandika mimi. Nilipomuuliza hii ni nini, alisema, "Lengo, mzee. Khalas, limetimia."

Kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa, naongeza kwamba hadi siku hiyo aliyekuwa akilala juu ni Deus, na tangu siku hiyo analala chini, palipokuwa pangu. Sidai kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Naandika mfuatano tu.

4. Lalamiko la nne lilihusu kukoroma kwa Deus. Nimeliondoa. Nilipokwenda kutafuta ushahidi kwa wenzetu wa chumba, wote walinitaja mimi.

5. Kuhusu hali ilivyo huko juu. Ngazi ina vidaraja vitatu, na cha kati hakipo. Kiyoyozi kinanipuliza utosini moja kwa moja, kwa hiyo nalala na kofia ya sufu katika jiji ambalo watu hulijia kwa ajili ya jua. Waya wa chaja haufiki. Kengele ya moshi iko shubiri moja kutoka puani mwangu, na taa yake nyekundu hunikonyeza. Nikitaka kuvaa suruali inabidi nilale chali, kama maiti anayejivisha mwenyewe. Zamani kazini kwetu, mtu akipanda cheo alianza kuletewa chai. Hapa nikitaka chai nashuka.

6. Kuhusu cheti. Kikao cha kwanza cha Januari kilipokaa, kati ya malengo yote ya wanachama lilikuwa limetimia moja, langu. Niliitwa mbele. Nilisimama kwa nia ya kukanusha, na nilipofungua kinywa ukumbi ukapiga makofi, nawe ukasema, "Tazameni, hata kusema anaona haya." Nikapokea cheti. Kusema kweli nilikipokea kwa sababu jina langu lilikuwa limeandikwa bila kosa, jambo ambalo gazeti langu halikuliweza kila mara. Ken alinipa mkono akaninong'oneza, "Hongera mzee. Ukilala, shika ukingo."

Picha yangu na cheti ikawekwa kwenye ukurasa wa Facebook wa Umoja, na chini yake: "Ndugu Onesmus apata nafasi ya juu Dubai." Ni habari fupi, na kila neno lake ni kweli. Ningekuwa mhariri ningeipitisha.

7. Kuhusu Nyahururu. Mke wangu Loise aliiona picha kabla sijamaliza kushuka kitandani kumpigia simu. Jumapili akatoa sadaka ya shukrani, na mchungaji akatangaza kwamba ndugu yetu Onesmus amepandishwa. Naye hakukosea, nilipandishwa, pamoja na godoro. Ongeza hapo kwamba majengo ya huku kwetu yamegawanywa kwa majina ya nchi, na sisi tumeangukia England. Kule nyumbani sasa inasimuliwa kwamba nina cheo Dubai na nyumba Uingereza.

Loise nilimweleza yote. Alicheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena alisema sadaka imeshatolewa na hairudishwi, kwa hiyo nitafute namna ya kuistahili.

Austine ndiye haelezeki. Nilimpigia nikamwambia ni kitanda tu. Akasema, "Shemeji, acha hizo. Cheti kiko na muhuri. Sema tu hutaki tukule pamoja." Nikamtumia picha ya kitanda. Akajibu, "Sawa boss. Hapo ndio unalaza wafanyakazi?" Nikamtumia picha nyingine, mimi mwenyewe nikiwa juu ya kitanda hicho, na kofia yangu ya sufu. Akasema nina roho safi, maana wakubwa wengine hawafiki hata mlangoni kuona watu wao wanaishi vipi.

Bi Tufaha, huyu kijana ana kazi. Anapokea na kupima maziwa ya watu kila alfajiri, na wenye ng'ombe hawabishani na kipimo chake. Ana mchumba asiyetaka kusikia habari za Dubai. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, na aliyeombwa kuihariri ni mimi. Niliirudisha na masahihisho mengi kuliko yaliyohitajika, nikitumaini itachelewa. Haikuchelewa. Aliyarekebisha yote usiku huohuo akanishukuru kwa kumfungua macho kuhusu matumizi ya koma. Basi nitakuwa nimemharibia mtu riziki yake kwa neno moja, nililoliandika ili nisikosane na mtu aliyekuwa anakula sambusa.

Kwa sababu hizo naiomba Kamati yafuatayo.

Kwanza, nishushwe hadharani. Kiitishwe kikao, aje mpiga picha yuleyule, wanachama wapige makofi, na nipewe cheti cha kushushwa chenye muhuri mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nimeshajaribu kusema ukweli bila muhuri, na matokeo umeyasoma hapo juu.

Pili, neno "nafasi" lipigwe marufuku katika malengo ya wanachama wote, pamoja na "juu", "kupanda" na, kwa tahadhari, "kupata".

Tatu, iwapo ombi la kwanza litakuwa gumu, vitanda vyote vya wanachama vikatwe miguu na kutandazwa sakafuni, ili asiwepo mtu aliye juu ya mwenzake. Najua sakafu haitatutosha na wengine itabidi wasimame. Lakini watakuwa wamesimama kwa usawa.

Nne, kuanzia sasa malengo yaandikwe Desemba kwa ajili ya mwaka unaokwisha. Nimelipima jambo hili kwa makini na sioni kasoro yake. Mtu ataandika mambo yaliyokwisha kumpata, msimamizi atayahakiki, cheti kitatolewa, na hakuna atakayehamishwa. Mimi kwa mfano, malengo yangu ya mwaka jana yangekuwa kuacha kukimbia asubuhi, kujua maneno manne ya Kiarabu, na kuongeza tumbo. Ningeyafikia yote kabla ya wakati.

Kuhusu mwaka huu, lengo langu nimelipunguza. Usimamizi wa zamu abaki nao Ken, na Austine abaki kwenye maziwa yake. Inshallah, na hapa nalitumia kwa maana yenu ya Unguja.

Unisalimie wote hapo Mirdif: Mzee Msellem, binti yako Huda, dereva wenu, na dada anayepika zile sambusa, ambaye katika shauri hili hana hatia. Ken anakusalimu. Deus naye anakusalimu, kutoka chini.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, niliyeinuliwa kuliko nilivyoomba,

Onesmus
Mlinzi, Al Ras

Nyongeza, wiki tatu baadaye: Harusi ya Unguja imeendelea, na bahasha hii ilikuwa ingali mfukoni mwa sare yangu, inanuka iliki. Kwa hiyo naongeza hapa badala ya kuandika upya.

Austine amekuja. Meneja wake wa maziwa aliikataa barua ya kuacha kazi. Alisema imeandikwa vizuri mno, bila shaka kuna mtu mwingine nyuma yake, akampa likizo ya mwezi mmoja aje kujionea kwanza. Amejionea. Alisimama mlangoni mwa chumba, akakitazama kitanda, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe ni hiki." Kisha akaomba chai. Likizo ikiisha anarudi Nyahururu; tiketi ya kurudi naishika mimi.

Wakati huu Deus yuko Bukoba kwa mapumziko, kwa hiyo Austine analala kitandani pake. Loise ametangaza kanisani kwamba mdogo wake sasa yuko chini yangu. Nimeihakiki habari hiyo na ni sahihi. Anasema sadaka yake imejibiwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike huku ananiita "mkubwa" bila kucheka, au anacheka akiwa ameiweka simu mbali.

Kutokana na hayo nayaondoa malalamiko yote saba, likiwemo la nne ambalo nilikuwa nimeshaliondoa, na maombi yote manne. Nisishushwe. Kidaraja cha kati nimekitengeneza mwenyewe.

Limebaki jambo moja, nalo ni la haraka. Jumamosi nilikwenda na Austine kikaoni kama mgeni, akapewa karatasi ya lengo kama watu wengine, na kwa kuwa Deus hayupo nikapangiwa mimi kuwa msimamizi wake. Ameandika, "Kupata nafasi ya juu." Anasema ananionea huruma goti. Sasa Loise akisikia kwamba mdogo wake, katika wiki ya pili tu Dubai, amenipita, nitamweleza nini? Naiomba Kamati isilipitishe lengo hilo, kwa kuwa halitekelezeki. Nafasi ina mwenyewe.

Najua kanuni zako zinanitaka nihakikishe linatimia. Nimemwambia, "Inshallah." Hajakaa huku miezi mitatu, kwa hiyo amenishukuru.