Shairi Lililomtorosha Mke Wangu

Kedowa,
Januari 1998.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Mashairi,

Pokea salamu za heshima kutoka huku ambako mvua ya El Nino imekataa kurudi kwao.

Mimi ni mkulima wa majani chai, tena nililelewa vizuri, ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya kwenda polisi. Mwezi jana gazeti lako lilileta shairi lenye maneno mawili ambayo hayajawahi kukanyaga huku: jitimai na bezo. Dorcus, karani wetu wa mizani, alitusomea tukingoja lori la majani, akatueleza kwamba jitimai ni huzuni nzito, na bezo ni dharau. Tangu hapo hatujapona.

1. Zamani lori likikwama matopeni tulimtukana dereva, mambo yakaisha. Siku hizi watu wanakaa kando ya vikapu wakisema wana jitimai. Mzee Kipchoge alifiwa na ng'ombe mwaka juzi akavumilia kiume. Siku ya shairi alilia mbele ya wanawake, eti hakujua ule uzito una jina.

2. Kanisani tulikuwa tukiombea malaria na barabara. Sasa akina mama wanapanga foleni kuombewa jitimai. Jumapili iliyopita tulitoka ng'ombe wakilia kukamuliwa.

3. Hapa ndipo ninapoumia. Mke wangu Rebeccah ameishi nami miaka mingi bila lalamiko, kwa kuwa lalamiko lenyewe halikuwa na jina. Juzi alikuwa akizungumza, nami nikaongeza sauti ya redio, kama desturi yangu. Akaniangalia, akasema, "Baba Aron, kumbe hii yako ndio inaitwa bezo." Akafunga nguo zake, akakata lile shairi gazetini, akaenda kwa kaka yake kule Siongiroi. Ametuma ujumbe kwamba atarudi nikishaelewa shairi.

Kwa hivyo naomba mshairi huyo azuiwe. Atumie maneno tuliyo nayo tayari: mvua, mbolea, ng'ombe, lori. Mtu asiyejua jina la maumivu yake huchuma majani hadi jioni bila kusumbua mtu.

Wasalimie wote hapo ofisini. Mshairi pia msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa na ushairi,
Kipkosgei, Baba Aron.

N.B. Jana jioni nilichemsha chai, nikamimina vikombe viwili, nikakaa nikitazama cha pili kikipoa. Redio nilikuwa nimeizima. Tafadhali muulize mshairi hilo linaitwaje. Hata likiwa neno gumu, alitume upesi, nilipeleke mwenyewe kule Siongiroi.