Komisyo ya Kupima Ubaridi wa Ordinateri

Tunawatangazia raia wote wa Ibanda, na wanaotoka mbali mpaka Kamituga, kwamba Biro yetu ya Vyeti vya Kuzaliwa, hapa Nyalukemba, imepata ordinateri, yaani kompyuta, ambayo ubongo wake unapozwa kwa maji. Siyo feni tu kama za watu wa kawaida. Maji yanapita ndani ya mirija, yanachukua moto wa ubongo, yanaupeleka kwenye feni, yanarudi yamepoa. Kwa heshima hiyo, hakuna cheti kilichotolewa tangu ordinateri ifike.

Raia wengine walisema tumechelewa. Hatukuchelewa. Tulikuwa tunaunda Komisyo ya Kupima Ubaridi. Papa Directeur Télesphore, mukubwa wa biro, akawa Prezida. Héritier, teknisye wetu, akawa mushauri wa kunyamaza. Chombo cha kupima joto hakikuwepo, basi mimi, sekretari, nikateuliwa Mupimaji Mukuu, kwa sababu niko na mutoto, na kila mama anajua homa kwa mugongo wa mukono.

Niliipokea kazi kwa moyo wote. Mutoto wangu Bintu alikuwa anangoja cheti kama wengine. Masœur, mutawa mukubwa wa shule, alishaniambia: bila cheti kufikia Ijumaa, nafasi yake ya darasa la kwanza inapewa mwingine. Na Bintu alishaanza kuzunguka nyumba na mufuko mutupu mugongoni.

Jumatatu tukapima. Nilivua pete, nikagusa.

"Aje?" Papa Directeur akauliza.

"Iko baridi kabisa."

"Andika: matokeo mazuri sana."

Héritier akakohoa. "Papa Directeur, haijawashwa."

"Njo maana iko baridi! Ukiwasha, itapata moto, utatuharibia matokeo."

"Lakini hii kitu inapimwaka na kazi. Tunapatia ubongo kazi nzito, tunaangalia kama maji itaweza."

"Unataka kuchosha mali ya Leta, mali ya serikali?"

Tukaendelea kwa umakini huohuo. Jumatano mvua ilinyesha, ordinateri ikawa baridi zaidi, na Papa Directeur akayaita hayo maendeleo. Inje mulongo wa watu wanaongoja vyeti ulikuwa umefika barabarani. Muzee Zagabe, aliyetoka Kamituga kwa pikipiki kutafuta cheti cha mujukuu wake, akachungulia dirishani.

"Maman, ile mashini iko mugonjwa?"

"Hapana, muzee. Iko muzima sana. Njo maana haifanyi kazi."

"Ah. Kama mukubwa."

Alhamisi, Maman Eulalie, mukaguzi kutoka jimbo, alikuja kushuhudia mafanikio. Papa Directeur alivaa koti lake zito la sherehe, akasoma repoti yote amesimama. Maman Eulalie akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi muwashe, nione."

"Maman, kuwasha haikupangwa."

"Papa, mulipima dawa bila mugonjwa?"

Héritier hakungoja jibu. Akawasha, akaupa ubongo kazi yote iliyolala: vyeti vya mulongo muzima, na picha zao, mara moja. Maji yakaanza kunung'unika ndani ya mirija. Emprimanti, mashini ya kuchapa, ikaanza kutema karatasi. Nikagusa.

"Aje?" Sauti ya Papa Directeur ilikuwa nyembamba.

"Vuguvugu. Kama maji ya kuogesha mutoto."

"Munasikia? Imeshaanza!" Akapiga meza. "Kama Prezida, naamuru: kitu yote yenye moto mu hii biro itoke inje mpaka ipoe! Mupimaji Mukuu, tumika!"

Amri ni amri. Nikagusa ordinateri tena: vuguvugu tu, na amri ilisema moto. Nikagusa emprimanti, meza, na, kwa ruhusa, mukono wa Maman Eulalie. Mwishowe nikaweka mugongo wa mukono kwenye paji la uso la Papa Directeur, polepole, vile ninamufanyiaka Bintu akilialia. Ndani ya lile koti, mutu alikuwa anachemka.

"Pole, Papa," nikasema. "Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Prezida ameamuru," Maman Eulalie akasema. "Itekelezwe."

Héritier akamufungulia mulango kwa heshima. Papa Directeur akataka kusimama palepale kizingitini, lakini Muzee Zagabe akamunyooshea kidole.

"Papa, nyuma. Mulongo unaishia kule."

Cheti cha Bintu kilitoka mbele ya saa sita. Nilikisoma jina kwa jina, nikakisoma tena, kisha nikakilaza kifuani, maana Masœur anapenda karatasi isiyokunjwa. Cheti cha mujukuu wa Zagabe kikafuata, na vya wengine, mpaka mulongo wote ukarudi nyumbani, isipokuwa mutu mumoja aliyesimama kwenye jua na koti lake.

Akagonga dirisha. Aliomba kupimwa upya. Nikatoka, nikamuwekea mukono, nikafunga macho, maana kazi hii inataka haki.

"Aje?" akauliza.

"Bado, Papa," nikamuambia kwa upole. "Urudi Jumatatu."