Kitako cha Chombo cha Shemeji

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, na ulioniponza ni mkono wangu mwenyewe. Nasimulia mimi kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mama Joyce, mjane wa mdogo wangu, ana chombo cha maua cha kioo, buluu iliyokolea. Aliachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mpishi wa wamisionari. Anataka kukiuza anunue tangi la maji. Mnaoijua shida ya maji ya Newala hamhitaji maelezo. Jana nilikichukua, nikamwambia, "Niachie mimi. Mbele ya mnunuzi wewe kaa kimya, nitasema mimi." (Darasa la pili sikumaliza, lakini nyumba ya bati nimeijenga kwa patasi.)

Asubuhi nikakigeuza. Kitakoni kuna kovu kama kitovu, na pembeni mikwaruzo. Mimi mchongaji. Kinyago changu hakijawahi kutoka nyumbani kitako kikiwa hivyo. Nikachukua kinoo, nikamalizia kwa msasa, na nusu ndoo ya maji ya kunywa ikaishia hapo. Saa mbili nzima. Kikateleza kama sahani. Nikakifunga kwenye khanga, nikampitia Shemeji, tukashuka Masasi.

Mnunuzi ni mama wa makamo, hununua vioo vya zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akakiinua dirishani. Akatuonyesha vipovu ndani ya kioo, na mdomo uliopinda kidogo.

"Hiki kimepulizwa kwa pumzi ya mtu, si cha kiwandani." Nikaitikia kwa kichwa kama niliyekipuliza mimi. Akamgeukia Shemeji. "Kikiwa na jina la fundi, mama, tangi unapata na mabomba yake."

Akakipindua. Akapapasa kwa kidole gumba.

"Hapa pamesagwa."

"Pamenyooshwa," nikamsahihisha.

"Na nani?"

"Mimi. Asubuhi hii." (Nilisema kwa fahari. Msinikumbushe.)

"Palikuwa na kovu, pale kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma ya fundi aliyekipuliza?"

"Lilikuwepo. Baya."

"Na maandishi?"

"Mikwaruzo tu. Kama kuku kaparura."

Hapo Shemeji akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Lilikuwa jina la fundi. Baba alikuwa akinisomea."

"Mbona hukusema?"

"Si uliniambia ninyamaze, Shemeji?"

Mnunuzi akakirudisha mezani taratibu, kama anayelaza maiti. Bila kovu na bila jina, akasema, hana cha kumwonyesha mteja wake. Kwa bei anayoweza kutoa, Shemeji atapata ndoo mbili. Zenye mifuniko.

Tukarudi nacho. Tulipoingia kwake Shemeji akakiweka mezani, akakitazama.

"Kazi nzuri lakini," akasema. "Hakiyumbi tena."

Tangi nitanunua mimi, nimeshatamka mbele ya wanawe. Na wewe unayetaka kucheka, njoo na ndoo yako imejaa. Tangi ni kubwa.