Shati la Wilf Kwenye Sufuria ya Bi Entwistle

Jumamosi, 6 Oktoba 1934

Kaka yangu Wilf amejiunga na Mashati Meusi, wale mafashisti! Amelileta shati lenyewe nyumbani, limefungwa kwenye gazeti. Baba akaliona. Baba ni mtu wa Leba, chama cha wafanyakazi, tangu ujana, na kiwanda cha pamba kimemwachisha kazi, mwaka wa tatu huu. Alisema Wilf akitoka na nguo hiyo Jumatano kwenda kwenye gwaride lao, asirudi kulala hapa. Wilf akajibu kwamba wakubwa wa Leba wamekwenda kukaa na Wahafidhina kwenye serikali ya mseto, na wametuletea nini? Mama akaniambia nimenye viazi. Nikamenya. Mimi huwa sisemi kitu. Lakini nawaza.

Jumapili, 7 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Ukungu ulishuka mpaka madirishani. Dohani za viwanda hazitoi moshi siku hizi. Zilisimama tu, na mji mzima ukawa unaelea. Nikamwona Wilf akitembea juu ya ukungu, amevaa shati jeupe. Ndipo nikajua. Magadi! Shati jeusi likichemshwa na magadi ya kutosha litatakata, na asiye na shati jeusi hawezi kuwa Shati Jeusi. Ajabu serikali haijaliwaza hili.

Jumatatu, 8 Oktoba

Siku ya kufua, mtaa mzima. Sisi na jirani yetu Bi Entwistle tunachemshia sufuria moja, tuokoe makaa. Yeye hufulia watu. Leo alikuwa na vitambaa vyeupe vya meza kumi na viwili vya klabu ya Wahafidhina, vya karamu ya mbunge wa mseto. Nilimtangulia. Nikatumbukiza shati la Wilf, nikamwaga pakiti nzima ya magadi, nikakaa kutazama mvuke. Ulipanda kama nchi nyingine. Huko kila mtu alikuwa na kazi, Baba na Wilf walikuwa wakicheka, na mimi nilikuwa nikihutubia umati bila kutetemeka.

Nilipozinduka, Bi Entwistle alikuwa keshatia vitambaa vyote. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Akanisifu kwamba mimi ni mtoto mtulivu, simsumbui mtu.

Saa tano vilikuwa kambani, toka nyumba hii hadi ile ya ng'ambo: vitambaa kumi na viwili na shati moja, vyote rangi ya mawingu ya mvua. Vilipendeza, kwa kweli. Bi Entwistle alipiga yowe. "We Ivy! Umenimaliza!" Baba akatoka, akatazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwambia huo ndio mseto wenyewe, kila mtu rangi moja na hakuna aliyetakata. Bi Entwistle, shabiki wa mseto, akaapa hatamsemesha tena maisha yake yote.

Jumatano, 10 Oktoba

Wilf alivaa shati hivyo hivyo akaenda. Baba akatia komeo mlangoni. Hakuna aliyekunywa chai.

Baada ya saa moja, hodi. Wilf, amelowa chapachapa. Kiongozi wao alimwuliza kama ametumwa na wapishi, na shati la rangi ya tambara la jikoni. Wenzake wakacheka. Akatolewa kwenye mstari. Akasema kupitia tundu la barua mlangoni kwamba hakutaka kumpiga mtu. Alijiunga kwa kuwa kule walimpa supu na kumwita kwa jina lake, basi.

Baba alinyanyuka kitini. Kisha akaondoa komeo. "Ingia, Wilfred. Unatuletea baridi." Akamsogezea bakuli lake mwenyewe. Nililia ndani ya aproni.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mpango wangu umefaulu kabisa! Wilf analala juu, anakoroma. Amebaki Bi Entwistle tu. Baba amesema afadhali ale makaa kuliko kumwomba radhi shabiki wa mseto. Kwa hiyo nimemwandikia Bi Entwistle kwa niaba ya Baba, bila kumsumbua. Barua nzuri sana. Inasema Baba anajuta, anamheshimu, na uchaguzi ujao ataupigia mseto kura kwa moyo wote. Sahihi yake nimeiiga vizuri kuliko anavyoitia mwenyewe. Nimeisukuma chini ya mlango wake nikakimbia.

Namwona Bi Entwistle sasa kupitia dirisha. Anavuka njia na barua mkononi, uso unang'aa, mikono ameinyosha. Baba yuko kizingitini, anafunga kamba za viatu. Jinsi atakavyofurahi!