Kitabu Changu Kiko Miguuni pa Mama Saraswati

Nyuma ya Bwawa, Kashidanga
Tarehe 9 Boishakh

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Sekondari ya Kashidanga

Ndugu Mwalimu Mkuu, mwanangu Bimalendu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na feni ya ofisini kwako, maana joto limeanza. Mimi si mzima, lakini hilo si lako. Naandika kwa mkono wa mjukuu wangu Tupur wa darasa la tisa, kwa sababu macho yangu yameingia ukungu. Nimemwamuru aandike neno kwa neno bila kulainisha. Ukiona mahali pamelainishwa, ujue ni utovu wake wa nidhamu, nao umetoka shuleni kwako.

Nianze na pongezi. Sherehe yenu ya Mama Saraswati, mungu wetu wa elimu, mwezi wa Magh, ilivuma mpaka huku bwawani. Shule nyingine huweka vitabu viwili vitatu miguuni pa Mama avibariki, watoto wakakaa siku moja bila kusoma, kesho yake kila mtu akachukua chake. Wewe ukaona hiyo ni heshima ya kimaskini. Ukashusha vitabu vya kabati zote nne za maktaba, ukajenga ngazi ya vitabu humo humo ndani, pande zote za sanamu yake, ili mheshimiwa mbunge aliyeitoa zawadi apate picha nzuri. Picha ilipigwa. Mheshimiwa hakuwepo, lakini vitabu vilipendeza sana.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mama hajaagwa wala sanamu yake kuzamishwa mtoni kama ilivyo desturi. Umetangaza kwamba atakayemsindikiza mtoni ni mheshimiwa mwenyewe, na kwamba mpaka siku hiyo hakuna mkono utakaogusa kitabu kilicho miguuni pake. Tupur alipokuja kuuliza, ulimwambia, "Wewe mtoto, mwambie bibi yako avute subira. Mheshimiwa yuko njiani." Mwanangu, ni njia gani hiyo ya miezi mitatu? Anatambaa?

2. Nilimwita kuhani Gokul, yule aliyeongoza ibada yenyewe. Alikaa hapa barazani, akanywa chai yangu, akasema, "Bibi, Mama aliondoka kesho yake asubuhi. Nilimuaga mimi mwenyewe, kwa maji na kwa maua. Kilichobaki pale ni udongo na nyasi kavu." Kwa hiyo Mama mwenye elimu yote alishaelewa kwamba sherehe imekwisha, akaenda zake. Aliyebaki bila kuelewa ni mwalimu mkuu. Silaumu. Najua ulikotoka, na hilo nitalifikia.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Huenda hujui kwamba mimi ni mwanachama wa maktaba yako. Bi Malobika, mkutubi wenu, alianzisha ule mpango wa Jumamosi: kila mwanafunzi achukue kitabu kimoja, amsomee mtu mmoja wa nyumbani kwa sauti, kisha Jumatatu alete maoni ya msikilizaji yabandikwe ubaoni. Wenzake Tupur waliwasomea wadogo zao. Huyu akanichagua mimi. Mwanzoni nilidhani ni adhabu, sikujua tu ni yangu au yake. Maoni yangu ya kwanza yalikuwa, "Mwandishi huyu hajawahi kupika, wali wa watu sita haupikwi kwa chungu hicho." Yakabandikwa ubaoni. Nina miaka themanini na mmoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza neno langu kubandikwa popote.

Basi mwezi wa Magh tulikuwa kwenye kitabu cha yule mwanamume aliyegombana na nduguze juu ya kisima, akaondoka, akamwacha mkewe Shoilo na mtoto tumboni. Miaka thelathini. Amerudi, mzee, viatu mkononi, anabisha hodi. Shoilo ameitambua sauti. Ameweka mkono kwenye komeo. Ukurasa ukaisha, Tupur akasema, "Bibi, usingizi umenishika, tutamalizia baada ya ibada." Baada ya ibada! Kurasa arobaini na moja zilizobaki ziko chini kabisa ya ngazi yako, Bimalendu, na yule mwanamke ameshika komeo mpaka leo. Mkono umekufa ganzi. Wangu pia.

4. Daktari wa mjini alikuja, akamwita mwanangu wa kumzaa nje, akamnong'oneza. Macho ndiyo yameharibika, masikio yangu ni mazima. Alisema sitafika mwisho wa Choitro, mwezi uliopita. Leo ni tarehe tisa ya Boishakh, nimeshapitwa na tarehe kama dawa ya dukani, na bado sijui kama Shoilo amefungua mlango. Naogopa, mwanangu, nakwambia waziwazi. Siogopi kufa. Naogopa kufa nikiwa nje ya mlango huo, nimesimama na yule mpumbavu na viatu vyake.

5. Panya wa maktaba wanasoma. Bi Malobika amesikia wakitafuna. Kama panya wameruhusiwa, naomba nihesabiwe panya.

6. Juzi mlifanya Siku ya Kusoma, mbele ya mlango wa maktaba uliofungwa kwa kufuli. Nimeambiwa ulihutubia saa nzima na dakika ishirini juu ya faida za kusoma, utepe ukakatwa, watoto wakapewa pipi za maziwa, na hakuna aliyesoma hata jina la duka. Nakupa hongera. Kuandaa siku ya kusoma bila kusoma si kazi ya mtu wa kawaida.

Kwa hayo yote, naomba moja kati ya haya:

(a) Mama aandikishwe rasmi kuwa mwanafunzi, kwa kuwa ndiye pekee anayeingia maktaba, na jina lake liitwe asubuhi pamoja na wenzake. Asipoitika mara tatu, afukuzwe kwa kanuni zako mwenyewe, azamishwe mtoni, vitabu vibaki.

(b) Au mimi nibebwe na kitanda changu mpaka maktaba, nilazwe miguuni pa Mama pamoja na vitabu, na mheshimiwa akija atuage wote kwa safari moja. Itapunguza usumbufu.

(c) Au uje mwenyewe Jumamosi hii unisimulie mwisho. Uliwaambia wazazi kwamba umesoma kila kitabu cha maktaba ile. Nitakuandalia kiti. Nitakuuliza maswali.

Ukikataa yote matatu, nitalazimika kuwakumbusha watu wa Kashidanga jambo moja. Kila mtoto hapa anajua kwamba tunda la kunazi haliliwi kabla ya ibada ya Mama; anayelila anafeli. Mwaka ule ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, siku tatu kabla ya ibada, nani alipanda paa langu akala kunazi nilizoanika kwa achari, nusu nzima ya ungo? Na nani alipata sifuri ya hesabu mwaka huo? Nilinyamaza miaka yote hii kwa ajili ya marehemu mama yako. Leo wewe ndiye mlinzi wa heshima ya Mama Saraswati. Mama ana subira kuliko mimi.

Nisalimie mkeo na watoto, msalimie Bi Malobika na umwambie asiogope, wasalimie walimu wote isipokuwa yule wa jiografia, naye anajua kwa nini. Mheshimiwa nitamsalimia mwenyewe akishafika kutoka huko njiani.

Ni mimi, msikilizaji wako mtiifu,
Nistarini Ghorui
(dole gumba)

Tanbihi. Shikamoo mwalimu. Haya ni yangu mimi, Tupur. Bibi ameshaweka dole gumba na sasa anasinzia. Nakuomba usimtimizie hata ombi moja. Kitabu hakiko miguuni pa Mama. Bi Malobika alikichomoa mwezi wa Phalgun, uliofuata sherehe, akanipa, nami nimekificha chini ya sare zangu. Zile kurasa arobaini na moja sijazisoma hata mimi. Kila asubuhi Bibi akiamka anauliza kama mheshimiwa amefika. Nikisema bado, anasema, "Basi na leo siendi popote mpaka nijue yule mwanamke kafungua au la," halafu anaagiza chai. Wenzangu wapewe vitabu vyao, mwalimu, wanavihitaji. Ila ukimjibu Bibi, mwambie mheshimiwa bado yuko njiani. Na umkatalie kwa ukali kidogo. Akikasirika anamaliza wali wote.