Aliyemtoa Mpima Ardhi Kisimani

Jumatatu, 3 Juni

Daktari kasema moyo wangu umechoka, nitengeneze mambo yangu mapema. Nikaitikia. Kwa miaka themanini na mitatu, habari hiyo ilikuwa njiani. Lililonipiga butwaa ni jingine. Binti yangu, muuguzi, alikuwa ananipangia vidonge huku akichungulia simu. Akauliza kama nimeruhusu riwaya yangu igawiwe bure. Riwaya ipi? Ninayo moja tu, ya mpima ardhi aliyetumbukia kisimani. Iko yote kwenye tovuti fulani. Imepakuliwa mara elfu kumi na moja.

Elfu kumi na moja! Dukani ziliondoka nakala mia mbili. Nyingine zilikuwa shibe ya mchwa katika stoo ya shule. Leo wanasoma wezi elfu kumi na moja, na yuko mmoja aliyewafungulia mlango. Sifi kabla sijamkamata.

Jumanne, 4 Juni

Binti kanifungulia fomu ya malalamiko. Nikamtajia hakimiliki, jasho la mtunzi, heshima ya mzee. Akaandika yote, ila jasho alilipunguza. Swali la mwisho: je, kazi hii yote umeitunga wewe? Weka alama. Kidole kikagusa pembeni. Binti akasema ni dawa.

Si dawa. Daftari halina mdomo, acha niungame. Sura kumi za kwanza ni zangu. Katika ya kumi nilimtumbukiza mpima ardhi kisimani, nikakosa namna ya kumtoa. Mwaka mzima yuko majini. Nikampa mswada shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu, mpiga chapa wa shule niliyofundisha, aupige hadi ulipofikia. Akaurudisha una sura ishirini. Kamtoa, kamuoza, kamzeesha. Nilisoma kwa pumzi moja. Nikampa miche miwili ya sabuni, nikaandika jina langu juu. Alipouliza kuhusu zile sura zake, nikamwambia hayo ni marekebisho madogo.

Nikaweka alama.

Alhamisi, 6 Juni

Jibu limekuja. Nimelazimika kulala chini. Aliyepakia kitabu anapinga! Anasema nusu ya pili ni yake na ushahidi anao: nakala ya kaboni.

Zama zile kila ukurasa ulipigwa chapa na kaboni katikati. Karatasi ya juu ya mwenyewe, ya chini ya kapuni. Miaka hamsini nimelala usingizi mnono nikiamini kapu. Nani huweka karatasi ya chini? Mtu mmoja tu, anayehifadhi hata kamba za vifurushi.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kaja na machungwa. Kaketi kitandani pangu bila kukaribishwa, akauliza, "Shemeji, nasikia unatafuta mwizi. Kwenye kioo ulishaangalia?"

Nikajitia kukohoa. Akanisubiri nimalize.

Akaeleza kwamba watu walimwomba kitabu, na dukani hakipo tangu wangali wadogo. Basi akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akakiweka watu wasome. Juu kaweka jina langu peke yangu. Hakutaka lifukiwe nami. Angenyamaza hadi kaburini, ila nimemshtaki kwa kuiba alichoandika mwenyewe, na hilo, alisema, hata punda angegoma.

Anataka jambo moja: niandike ukurasa, kwa kauli yangu, nani alimtoa mpima ardhi kisimani. Ataubandika mwanzoni mwa kitabu. Lakini niuandike nikiwa hai, marehemu hawahojiwi.

Nimekubali. Nimekula machungwa matatu kwa aibu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeandika: "Mimi, nikiwa na akili timamu." Kutwa nzima nipo hapo hapo. Ni kile kisima tena.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi ufumbuzi! Mtandaoni nimekuta ungamo la mzee mmoja nisiyemjua, aliyemdhulumu kaka yake ng'ombe. Zuri mno, na limewekwa wazi, kila mtu analiona. Nikalinakili lote. Penye kaka nikatia shemeji, penye ng'ombe nikatia riwaya.

Shemeji kalisoma kwa sauti, binti akiwa mlangoni. Sauti ikaanza kumtetemeka, nikajua nimemgusa. Kumbe anazuia kicheko. Alifika pale ninapoomba radhi kwa kuikamua riwaya yake kila alfajiri na kuwanyima watoto wake maziwa. Akavua miwani, akajipangusa macho. Ananiuliza maziwa yalikuwa lita ngapi.

Nilijifunika shuka hadi puani. Shemeji akalivuta chini. Halafu akasema, "Lete kalamu, shemeji. Utakufa hujamaliza."

Akaandika palepale, ubavuni pangu. Kanitaja mwoga, mvivu, mwalimu mzuri. Kataja miche ya sabuni. Nikasoma, nikalia kweli. Nikatia sahihi yangu.

Alipoondoka, binti akauliza kama tusiongeze mstari mmoja, kwamba ungamo lenyewe kaliandika mama mdogo. Nikashangaa kabisa. Msomi mzima, haoni tofauti? Nikamweleza kwamba hayo yalikuwa marekebisho madogo.

Ila mstari nimeongeza, kwa mkono wangu, chini kabisa: ni marufuku kunakili ungamo hili bila idhini ya mtunzi.